Uliza Mhandisi: Diferensho inatripu ovyo, tupandishe seting?

Mwezi huu maswali ya relei ya diferensho (ile inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka kwenye transfoma, ikiona tofauti inaikata) yamekuja mengi, kwa hiyo ukurasa wote tunaumalizia hapo hapo. Naanza na la kaka wa Kanda ya Ziwa kwa sababu ametuma namba zote za transfoma yake, na mtu akikupa namba unaweza kumsaidia kweli, tofauti na anayeandika tu kwamba relei inasumbua.

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mi ni teknishani kwenye mtambo mmoja huku Kanda ya Ziwa. Tuna transfoma ya 132/33 kV, 45 MVA, YNd1 (sta yenye nyutro upande wa juu, delta upande wa chini, zimepishana nyuzi 30), impedensi 12.5%, tepu chenja (ile inayobadili mizunguko ya koili ili volteji itulie) iko upande wa 132 inaenda kutoka +5% mpaka -15%. CT (zile za kupimia mkondo) ni 300/1 upande wa juu na 1000/1 upande wa chini, zote daraja la 5P20. Shida ni kwamba nyaya zikigusana kwenye fidda za 33 huko nje, diferensho inaitoa transfoma nzima wakati ilitakiwa itoke breka ya fidda tu. Sio kila mara, ila mara nyingi ni jioni. Pikapu (tofauti ndogo kabisa inayoifanya relei itripu) iko 0.2, slopu 15% na ni slopu moja tu. Kwenye lodi ya kawaida haina neno kabisa. Bosi anasema tupandishe pikapu iwe 0.6 yaishe. Naomba ushauri.

JIBU: Marahaba. Hiyo pikapu msiipandishe, na nitakuonyesha kwa hesabu kwamba hata mkiipandisha shoti ikiwa kubwa kidogo itatripu vile vile, alafu mtakuwa mmeifanya transfoma ya mabilioni ikae bila ulinzi wa maana.

Wazo la diferensho ni la zamani, Merz na Price wa Uingereza walilipatia hati tangu 1904: mkondo unaoingia lazima ulingane na unaotoka, ukiona tofauti basi kuna kitu ndani. Kwenye transfoma lakini tofauti haiwi sifuri hata siku moja. CT za pande mbili hazifanani, transfoma yenyewe inakula mkondo kidogo wa kuamsha chuma chake, na kubwa kuliko yote ni tepu chenja, manake kila tepu ikisogea uwiano unabadilika lakini relei bado inajua uwiano mmoja tu, ule uliouandika wewe. Hizo tofauti za uongo zinakua kadri mkondo unavyokua, ndo maana ikawekwa bayasi: mkondo unaopita ukiwa mkubwa, relei nayo inadai tofauti kubwa zaidi kabla haijatripu. Slopu ndo inasema idai kiasi gani.

Sasa twende kwenye namba zako. Mkondo kamili wa 45 MVA kwenye 132 ni 196.8 A, kwenye 33 ni 787.3 A. Mwenzio aliyeweka seting bila shaka alitumia 132 kama kawaida, kwa hiyo tepu ikiwa katikati pande zote mbili zinasoma 1.0, yaani mkondo kamili, na kila mtu anafurahi. Jioni volteji ya gridi inashuka, tepu chenja inahangaika kushikilia 33 inateremka mpaka -15%. Hapo upande wa juu ni 112.2 kV, mkondo kamili umekuwa 231.5 A, relei inausoma kama 1.176 wakati upande wa chini bado ni 1.0. Tofauti 0.176. Pikapu yako ni 0.2, kwa hiyo inanyamaza, ndo maana unasema kwenye lodi haina neno. Lakini angalia uwiano: 0.176 ukigawa kwa bayasi ya 1.088, yaani wastani wa pande mbili, unapata kama 16%. Slopu yako ni 15! Yaani ukiwa kwenye tepu hiyo umeshavuka mstari tayari, kinachokuokoa ni pikapu peke yake.

Ije shoti ya nje ya mara 3 ya mkondo kamili. Chini 3.0, juu 3.53, tofauti 0.53, bayasi 3.26. Asilimia 15 ya 3.26 ni 0.49. Umetripu. Na hapo CT hazijakosea hata kidogo, ni tepu tu.

Haya, weka ya bosi, 0.6. Kwa shoti ya mara 3 kweli itatulia, 0.53 iko chini ya 0.6, na mtashangilia wiki mbili. Shoti ikiwa mara 5: juu 5.88, tofauti 0.88, bayasi 5.44, mstari uko 0.82. Umetripu tena. Kwa hiyo pikapu haikuwa ugonjwa. Na ulichopoteza ni kikubwa, kwa sababu mizunguko michache ya koili ikishikana yenyewe kwa yenyewe, pale iliposhikana mkondo ni wa kutisha unayeyusha shaba lakini huku nje kwenye bushingi tofauti unayoiona ni ndogo sana. Hiyo ndo hitilafu tunayotaka ishikwe mapema kabla haijatoboa tangi, na 0.6 inaiacha iendelee kuiva.

Nifanyeje basi? Kwanza badilisha volteji ya rejea ya upande wenye tepu. Usitumie 132, tumia ile inayoweka makosa ya juu na ya chini sawa: chukua volteji ya juu kabisa mara ya chini kabisa mara 2, gawa kwa jumla yao. Kwako ni 138.6 na 112.2, inatoka 124 kV. Mkondo wa rejea unakuwa 209.5 A, kwa sekondari ya CT yako ni 0.698 A, na upande wa 33 unabaki 0.787 A. Sasa tepu ikifika mwisho wa huku au wa kule kosa ni kama 10.5% pande zote badala ya 17.6 upande mmoja. Ukiwa kwenye tepu ya kawaida na lodi kamili utaona diferensho ya kama 0.06 kwenye skrini, usishtuke, ni hesabu hiyo hiyo.

Pili, slopu. Tepu inakula kama 11, CT za 5P zinaruhusiwa kukosea 1% kwenye mkondo wake wa kawaida, ziko mbili weka 2, mkondo wa kuamsha chuma weka 2, relei yenyewe weka 5. Hiyo ni 20 kabla hujaweka nafasi ya kupumua. Kwa transfoma yako ningeweka slopu ya kwanza 30% na pikapu 0.25. Ndio, nimeipandisha kidogo kutoka 0.2, kwa sababu ukijumlisha hayo makosa kwenye lodi kamili unafika 0.2 kabisa, lakini 0.25 na 0.6 ni vitu viwili tofauti.

Tatu, washa slopu ya pili, hiyo kuiacha imezimwa ni kujitakia. Impedensi ya 12.5% maana yake shoti ya nje kabisa hata gridi ingekuwa na nguvu isiyo na kikomo haizidi mara 8. Kwenye mkondo huo CT moja inaweza kushiba (chuma chake kujaa sumaku ikasoma pungufu) mapema kuliko mwenzake, hasa shoti ikija na ule mkondo wa DC unaoisha taratibu. Tuseme ya chini imeshiba imepoteza 30%, na tepu iko mwisho: juu unasoma 8.84, chini 5.6, tofauti 3.24, bayasi 7.22. Slopu ya 30 peke yake ingedai 2.17 tu, umetripu. Ukiweka slopu ya pili ya 70% inayoanzia bayasi ya 2, inadai 4.25, imetulia. Hii ni hesabu ya haraka bila pembe za mkondo, ukikaa na mwongozo wa relei yako fanya ile kamili, ila inakupa picha.

Usiogope kwamba slopu ya 70 itaificha hitilafu ya ndani. Hitilafu ya ndani inayolishwa upande mmoja tofauti yake ni mkondo wote na bayasi ni nusu yake, yaani 200%, iko juu kabisa ya mstari wowote.

Na kabla hujagusa seting yoyote nenda kasome diferensho kwenye relei ikiwa na lodi, kwa sababu seting nzuri haziponyi waya zilizofungwa vibaya. Ukiona tofauti ni mara mbili ya lodi, kuna CT imegeuzwa. Ukiona ni karibu nusu ya lodi, kama 0.52, kundi la vekta (namba ya upishano wa pembe, kila saa moja ni nyuzi 30) limekosewa saa moja, mfano mtu kaandika 0 badala ya 1. Ukiona tofauti ni sawa na lodi yenyewe, pembe imekosewa nyuzi 60, yaani kaandika 11 badala ya 1. Hilo la saa moja ni baya kwa sababu ukiwa na lodi ya 30% tofauti ni 0.155 tu, chini ya pikapu, relei imekaa kimya kila mtu anajua kazi imeisha, na mashine ya kupimia haiwezi kukuonyesha kosa hilo kwa sababu inaingiza pembe zile zile ulizoiambia wewe. Lazima upime na lodi halisi au uingize mkondo upande wa msingi. Na ukigusa hizo nyaya shoti CT kwanza kwenye linki zake. CT yenye mkondo ukiifungua sekondari inazalisha volteji ya kuua mtu, nawaomba sana hapo msiwe na haraka.

La mwisho kwako: hakikisha kichujio cha ziro sikwensi (kinachoondoa mkondo unaofanana kwenye fezi zote tatu) kimewashwa upande wa 132, nyutro yenu imefungwa ethi kwa hiyo shoti ya ethi huko kwenye laini ya gridi inapitisha mkondo kwenye nyutro ambao upande wa delta hauonekani kwenye nyaya. Na kama kwenye 33 mna transfoma ya ethi ambayo iko ndani ya eneo la CT, washa na huko pia.

SWALI: Habari ya kazi injinia. Mie niko Mombasa, transfoma yetu ya 33/11 tukiiwasha mara nyingine inakubali mara nyingine diferensho inaikata papo hapo. Transfoma imepimwa ni nzima. Mwenzangu ataka tuzime relei wakati wa kuwasha kisha tuirudishe. Yafaa?

JIBU: Salama ndugu yangu. Haifai hata kidogo, wakati wa kuwasha ndo wakati hitilafu iliyojificha hujitokeza, huwezi kumwondoa mlinzi saa hiyo.

Hiyo ya mara inakubali mara inakataa ni inrashi, ule mkondo wa kuwashia. Ukubwa wake hutegemea breka imefunga sehemu gani ya wimbi la volteji na sumaku iliyobaki kwenye chuma tangu mlipozima, kwa hiyo leo inakuja mara 2 kesho mara 8. Nao unaingia upande mmoja tu, kwa relei ni sawasawa na hitilafu ya ndani. Kinachoutofautisha ni haramoniki ya pili (mkondo wenye masafa mara mbili ya ya kawaida), umejaa hiyo, na shoti ya kawaida haina nyingi. Relei hupima asilimia ya haramoniki ya pili, ikizidi kiwango inazuia kutripu.

Fungua rekodi ya relei ya siku ilipokata, usikisie. Angalia asilimia kwenye fezi zote tatu. Kiwango kinachowekwa na wengi ni 15%. Transfoma za siku hizi zenye chuma kizuri huweza kutoa haramoniki ndogo kuliko hapo, hasa kwenye fezi moja, hiyo fezi moja ikikosa kizuizi ndo inayowakata. Una njia mbili. Teremsha kiwango hadi 12 au 10, au washa kizuizi cha kuvuka, yaani fezi moja ikiona haramoniki inazuia zote tatu, na ukiwasha hicho kipe muda mfupi tu kwani transfoma ikiwashwa ina hitilafu kweli kwenye fezi moja hutaki fezi zingine zenye inrashi ziikingie hitilafu hiyo. Mimi ningeanza na kuteremsha. Chini ya 10 sikushauri, CT ikishiba kwenye shoti ya ndani nayo hutoa haramoniki na relei yaweza kuchelewa.

Kwa hiyo hiyo sababu kuna seting ya juu isiyo na bayasi wala kizuizi, inakata moja kwa moja. Iwe juu ya inrashi na juu ya shoti ya nje kubwa kabisa, 10 hufaa transfoma nyingi ila piga hesabu ya yako. Ya haramoniki ya tano ni kwa ajili ya volteji ikizidi na chuma kikajaa, 35% inatosha, haihusiani na shida yenu.

Kama mna transfoma mbili sambamba angalia pia ile iliyokuwa imeshawaka, ukiwasha jirani yake nayo huweza kupata inrashi ya kuambukizwa. Watu hushangaa kwa nini imetripu ile ambayo hakuna aliyeigusa.

SWALI: Mhandisi, tumebadilisha relei ya zamani ya MiCOM P64x tukaweka Siemens 7UT6. Nimehamisha slopu ile ile 30%. Niko sawa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hapana, rudi haraka. MiCOM P64x bayasi yake ni nusu ya jumla ya mikondo, 7UT6 inachukua jumla yote. Asilimia 30 ya nusu ni sawa na 15 ya jumla, kwa hiyo umeifanya relei mpya kuwa nzito mara mbili ya ile ya zamani. Na pale bayasi inapoanzia slopu ya pili lazima pazidishwe mara mbili, 2 inakuwa 4. Slopu ya pili ya 70 usiihamishe kama ilivyo pia, kwenye jumla hitilafu ya ndani inayolishwa upande mmoja iko 100% tu sio 200, ukijaza slopu kubwa unaanza kuisogelea. Ukija kukutana na RET670 ya Hitachi Energy (zamani ABB) yenyewe inachukua mkondo mkubwa kuliko yote kuwa bayasi, kwa hiyo hesabu nyingine tena. Ndo maana nasema kila siku, fomula ya bayasi iandikwe juu kabisa ya karatasi ya seting, asilimia bila fomula haina maana yoyote kwa anayekuja baada yako.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi mwanafunzi wa mwaka wa nne umeme. Kama diferensho inalinda transfoma yote kwa nini tena wanaweka REF (relei ya hitilafu ya ethi ya upande mmoja tu wa transfoma)? Naona kama ni gharama mara mbili.

JIBU: Marahaba, swali zuri sana hili. Chukua transfoma ya delta-sta, nyutro ya sta imefungwa ethi kupitia rezista inayoruhusu mkondo sawa na mkondo kamili wa transfoma. Koili ikigusa chuma katikati yake, volteji ya kusukuma ni nusu, mkondo wa ethi ni 0.5. Lakini upande wa pili wa transfoma mkondo unapungua tena kwa uwiano wa mizunguko ile nusu, na ukigawa kwa mzizi wa 3 unapata 0.144. Yaani unakwenda kwa mraba. Diferensho yenye pikapu ya 0.2 haioni kitu. Ukitafuta ni wapi inaanza kuona ni 59% kutoka nyutro, kwa hiyo karibu asilimia 60 ya koili haina mlinzi, na ukiweka 0.3 ni 72. Na pale mkondo wa shoti ya ethi unapopita kwenye CT za fezi za upande wa sta, kichujio cha ziro sikwensi kinakata theluthi moja yake.

REF yenyewe inapima mkondo wa nyutro moja kwa moja na kuulinganisha na wa fezi za upande huo huo, haijali uwiano, tepu wala inrashi iliyolingana, kwa hiyo inaweza kuwekwa nyepesi sana na inafika karibu na nyutro. Hizi mbili zinasaidiana, na mtu akikwambia aondoe REF kupunguza bei mwonyeshe hiyo hesabu ya mraba.

SWALI: Diferensho ikitripu na kila kitu kikionekana sawa kwa macho, naweza kujaribu kuwasha mara moja nione? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Usijaribu. Kwanza toa rekodi ya relei, uone tofauti ilikuwa kiasi gani, fezi ipi, haramoniki ngapi, na wakati huo kulikuwa na shoti nje au hakuna. Nenda kwenye Buchholz, ile relei ya gesi ya transfoma, uone kama kuna gesi. Kama shoti ya nje haikuwepo na fezi moja ina tofauti kubwa, chukulia ni ya ndani: pima insulesheni, uwiano, ukinzani wa koili kwenye kila tepu, na chukua sampuli ya mafuta kwa ajili ya gesi zilizoyeyuka. Majibu ya mafuta watu hawapendi kuyasubiri kwa sababu wateja wako gizani na simu hazikatiki, naelewa kabisa, lakini asetilini ikiwa imepanda maana yake kulikuwa na cheche ndani ya mafuta, na hapo transfoma haiwashwi hata kama mega (kipimo cha insulesheni) imesoma vizuri, mpaka ikaguliwe ndani.